Kushusha Kombi ya Zamani Ukiwa Nakuru: Cha Kununua Kwanza na cha Kuacha Dukani

Ukitaka kushusha kombi ya Volkswagen, yaani kupunguza urefu wake kutoka lami, basi kabla hujamtumia mtu hata shilingi moja, tafuta katoni ngumu. Kata vipande viwili vya futi mbili hivi. Lala chini ya kombi, funga kipande cha kwanza kwa waya kwenye bimu ya mbele (chuma cha kukingama kinachobeba magurudumu ya mbele), kining'inie sentimita 6 chini ya chuma kinachokaribia lami kuliko vyote. Cha pili kifunge nyuma, karibu na eksozi. Halafu endesha wiki nzima kama kawaida yako. Nenda kazini, nenda sokoni, pitia kwa mama mkwe, na Jumamosi pakia godoro, mtungi wa gesi, mitungi miwili ya maji ya lita 20 na watoto wote, utoke nao. Jumapili jioni rudi chini ya gari uone katoni imebaki na nini.

Ukikuta haijaguswa, soma mwongozo huu kwa raha. Ukikuta imechanika nusu, soma polepole. Na kama haipo kabisa, basi pesa ulizotenga nunua shoki mpya na bushi, gari libaki na urefu wake.

Mimi naishi Nakuru na kombi yangu ni ile ya kioo kimoja kikubwa mbele, ya 1974. Katoni ya mbele ilirudi na kona moja imekunjwa, na najua kona hiyo ilikunjwa wapi: kwenye tuta la kuingilia mtaani kwetu, ambalo mtu alilijenga usiku bila kipimo. Ya nyuma ilinguruma njia nzima ya kwenda juu Menengai na kurudi ikiwa matambara. Nilipoipandisha ikabaki sentimita 4, ilivumilia. Kwa hiyo nikaamua: mbele 6, nyuma 4. Gari likiwa tupu linainama pua kidogo, na tukipakia linakaa sawa. Uamuzi huo haukunigharimu kitu, na ndio uliofanya ununuzi wote uliofuata uwe rahisi.

Watu wengi husahau jambo hili kuhusu kombi. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni milimita 2,400, na injini imening'inia nyuma ya ekseli ya nyuma. Tuta fupi lenye mgongo mkali halitagonga bimu, litagonga tumbo wakati magurudumu ya mbele yameshavuka. Ukishuka kutoka kwenye kingo ya lami kuingia maramu, kinachogota ni eksozi. Saluni iliyoshushwa ina shida zake, lakini kombi iliyoshushwa ina shida zake na za saluni pia.

Jua gari lako kwanza

Logbuku itakudanganya. Mara nyingi imeandikwa mwaka gari liliposajiliwa, na vipuri vinafuata mwaka wa kutengenezwa. Soma namba ya chesisi. Kwenye kombi za kizazi cha pili, kama yangu, tarakimu mbili za kwanza ni aina ya gari na ya tatu ni mwaka wa modeli: 4 ni 1974, 1 ni 1971. Na mwaka wa modeli huanza Agosti ya mwaka uliotangulia, maana kiwanda kilibadilisha vitu baada ya likizo ya kiangazi.

Kwa nini tunahangaika na tarakimu? Kwa sababu modeli ya 1971 ndiyo iliyoleta breki za diski mbele, na ndiyo iliyobadilisha bolti tano za gurudumu kutoka duara la milimita 205 hadi 112. Ukiagiza spindo (vyuma vinavyobeba magurudumu ya mbele) za gari la breki za ngoma na lako lina diski, umenunua vyuma vizuri vya kuzuia mlango usifungwe na upepo.

Vizazi vyenyewe ni vitatu vinavyotuhusu. Cha kwanza, chenye kioo cha mbele kilichogawanywa, kilianza 1950, na Ujerumani ikakiacha 1967. Mbele kina kingipini (pini ambazo gurudumu huzizunguka likikata kona), nyuma kina ekseli zinazopiga kama mbawa na giaboksi ndogo kwenye kila gurudumu. Cha pili, kuanzia Agosti 1967, kina bolijointi (viungo vya tufe la chuma) mbele na ekseli zenye viungo viwili nyuma. Ujerumani ilikiacha 1979, Brazil ikaendelea nacho mpaka Desemba 2013. Cha tatu, kile chenye sura ya sanduku, kilitoka 1979, na Afrika Kusini ilikiunda hadi 2002. Viwili vya kwanza havina springi za kujikunja. Vinabebwa na toshenba, yaani vyuma vinavyojisokota: mbele ni mabapa yaliyopangwa pamoja ndani ya mirija miwili ya bimu, nyuma ni fito mbili nene zenye meno kila mwisho. Cha tatu kina springi za kawaida. Ukikutana na fundi anayekuambia "nitakata springi" huku amesimama mbele ya kombi ya 1974, mshukuru kwa chai uende.

Nimeamua kutoandika bei kwa shilingi. Vipuri hivi hulipwa kwa dola, pauni au yuro, vinapandishiwa usafiri kwa kilo, kisha ushuru na VAT ya asilimia 16, na hesabu ya leo si ya mwezi ujao. Nitatumia kipimo ambacho kila mwenye kombi anakijua: seti ya tairi nne mpya za 185 R14 C. Njia zenyewe nimezipanga kwa nafasi, kuanzia ile ninayoipendekeza zaidi hadi ile ya kukimbia.

Nafasi ya kwanza: spindo za kushusha, na nyuma kugeuza meno

Spindo ni kile chuma kinachobeba gurudumu la mbele. Ya kushusha imetengenezwa na mhimili wa gurudumu uliopandishwa juu zaidi, kwa kawaida inchi 2 na nusu, kama milimita 63. Gari linashuka kiasi hicho lakini mikono ya bimu inabaki kwenye pembe ile ile iliyotoka nayo kiwandani. Hapo ndipo uzuri wake ulipo. Toshenba haijaguswa, bolijointi hazijapinda, shoki za mbele zinabaki zile zile na zina safari yao yote ya kupanda na kushuka. Gari likipita kwenye shimo pale karibu na Salgaa linapokea pigo kama zamani, isipokuwa liko chini zaidi.

Gharama yake, zikifika mlangoni kwako, inakaribia seti ya tairi au inapita kidogo. Ni nyingi, sikatai. Lakini unalipa mara moja, na siku ukichoka unarudisha za zamani kwa alasiri mbili za kazi. Spindo zako za asili usiuze. Zifunge kwenye gunia na grisi, uziweke chini ya kitanda ikibidi.

Ukinunua, uliza maswali matatu. La kwanza: zimetengenezwa zikiwa mpya kabisa, au ni spindo za zamani zilizokatwa na kuchomelewa? Kuna mafundi hodari ng'ambo wanaozichomelea vizuri, lakini mimi sitaki weldi ya mtu nisiyemjua ibebe gurudumu langu kwenye mteremko wa kutoka Timboroa. Zenye cheti cha TÜV, wakaguzi wa magari wa Ujerumani, ndizo ninazoziamini, na cheti hicho kitakusaidia hata ukizungumza na watu wa bima. La pili: zinapita ndani ya rimu yangu ya inchi 14 bila tai rodi (fito inayovuta gurudumu ukikata usukani) kugusa? Muuzaji mzuri atakujibu kwa picha. La tatu: zinasogeza gurudumu nje kwa kiasi gani? Baadhi husogeza, na tairi pana ikisogea nje huanza kula ukingo wa bodi ukikata kona kali na mzigo.

Nyuma huhitaji kununua chochote kikubwa. Unatoa pleti inayoshika ile fito, unaigeuza kwenye meno, unairudisha. Idadi ya meno ya ndani si sawa na ya nje. Ukigeuza jino moja la nje kushusha na moja la ndani kupandisha, tofauti inayobaki haifiki digrii moja, na hivyo unaweza kuchagua urefu karibu unavyotaka. Jino moja la nje peke yake ni hatua kubwa kuliko watu wanavyodhani. Ndiyo maana unaona kombi zinazokokota matako.

Kazi hii niliifuatilia kwa karibu, nimechuchumaa pembeni na chupa ya chai. Fundi aliweka simu yake yenye programu ya pimamaji kwenye kizingiti cha mlango, akaandika digrii kwa chaki kwenye sakafu. Kisha akaiweka kwenye pleti, akaandika tena. Akachora mstari kwa patasi kwenye pleti na kwenye bodi, ili tukipotea tujue njia ya kurudi. Halafu akaleta mnyororo na jeki, na hapo akanifukuza.

"Mzee, sogea hapo nyuma. Hii pleti ikiruka kwa hii stopa, mguu wako haitauliza jina."

Hakuwa anatania. Pleti ile, hata gari likiwa hewani bila mzigo, bado imebanwa kwa nguvu ya fito iliyosokotwa. Ikivuka kizuizi chake bila jeki kuishikilia, inashuka kama panga. Fundi asiyetumia jeki na mnyororo hapo hajawahi kuifanya kazi hiyo, hata kama ana miaka thelathini ya kufungua injini za kombi. Mwondolee gari lako.

Kitu kimoja cha kununua wakati pleti ziko nje: bushi mpya za mpira, za ndani na za nje. Ni bei ya chakula cha mchana ukilinganisha na kazi ya kufungua tena. Zinapakwa poda kabla ya kuingizwa, ile ile ya mtoto, si grisi, kwa sababu grisi ya kawaida hula mpira. Nilituma kijana dukani akarudi na poda yenye harufu ya waridi, na hadi leo nikifungua mlango wa nyuma juani nadhani naisikia.

Nafasi ya pili: usishushe

Naiweka hapa makusudi, juu ya vitu vinavyouzwa. Wengi wanaoniuliza kuhusu kushusha kombi hawataki iwe chini, wanataka iache kuyumba. Wanatoka Gilgil kuja Nakuru, upepo unavuka kutoka upande wa Elmenteita, trela inawapita, na gari linahama njia lenyewe. Mtu amewaambia dawa ni kulishusha.

Huwa naangalia vitu vinne. Shoki: nyingi ninazoziona zimekufa zamani, zinavuja mafuta mpaka vumbi limeganda kama uji. Bushi na tai rodi: shika gurudumu la mbele likiwa juu ya jeki ulitikise, usikie linavyosema. Steringi boksi: ukizungusha usukani vidole vitatu kabla gurudumu halijatii, hapo ndipo pesa iende. Na tairi. Kombi inataka tairi ya mzigo, ile yenye herufi C, na nyuma inataka upepo mwingi kuliko mbele kwa sababu injini iko huko. Nimekuta kombi zenye tairi za saluni zimejazwa sawa pande zote, kisha mwenyewe analalamika kuhusu upepo wa Elmenteita.

Namba zisomwe ubavuni. 185 R14 C ya kawaida imeandikwa 102, maana yake kilo 850 kwa tairi moja. Tairi ya saluni ya 195/70 R14 yenye 91 inabeba kilo 615. Mbili nyuma ni kilo 1,230, na kombi yenye kabati, maji, godoro na familia inafika hapo haraka. Hii inawahusu pia wale wanaotaka "kushusha kwa tairi" tu. Ukitoka kwenye 185 R14 C kwenda kwenye hiyo ya chini, gari linashuka sentimita moja hivi, mita ya mwendo inaanza kusoma zaidi ya ukweli, na umebadilisha ubeba mzigo kwa sentimita moja. Mimi sioni biashara hapo.

Shoki nne nzuri, bushi za mbele na alaimenti ni chini ya nusu ya seti ya tairi, isipokuwa ukichagua shoki za kifahari. Gari litakuwa na urefu wake, litapita Kericho mpaka Ahero bila kugusa chochote, na litaacha kuyumba. Jirani zako hawatapiga picha, basi.

Nafasi ya tatu: kuchomelea virekebishi kwenye bimu

Bimu ya mbele ina mirija miwili, na katikati ya kila mmoja kuna kishikio kinachozuia yale mabapa yasizunguke. Virekebishi ni vipande unavyochomelea katikati baada ya kukata mrija, ili uweze kuzungusha kishikio hicho na kufunga kwa bolti mahali unapotaka. Gari linapanda au kushuka kwa spana. Vyenyewe ni bei rahisi, pengine robo ya seti ya tairi, na watu wa Kisumu na Nakuru wanaojua weldi wapo wengi.

Shida ni mbili. Kwanza, weldi hii si ya lango. Bimu ikipinda milimita chache wakati inapoa, hakuna alaimenti itakayoinyoosha, na tairi zitaliwa upande mmoja mpaka uzeeke. Fundi aifunge bimu kwenye fremu ngumu kabla ya kukata, achome kidogo kidogo akihama kutoka upande hadi upande. Mwulize atafanyaje kabla hujamwambia unachotaka. Akijibu "nitachoma tu", umepata jibu. Pili, ukishusha kwa njia hii mikono ya bimu inapanda pembe, na kwenye kizazi cha pili bolijointi zina mwisho wa kupinda. Ukivuka sentimita chache zinaanza kubana, usukani unakuwa mzito, kisha bolijointi inakufa kabla ya wakati wake. Utahitaji pia shoki fupi, vinginevyo za kawaida zitagota. Kombi ya kizazi cha kwanza, yenye kingipini, inavumilia zaidi.

Kama bajeti yako haifikii spindo, na una fundi wa kweli, na utaridhika na sentimita 3 au 4, njia hii ni halali. Zaidi ya hapo subiri, uendelee kuweka akiba.

Nafasi ya nne: mifuko ya hewa

Hii ni mifuko ya upepo inayobeba gari badala ya toshenba, na ni ndoto ya kila mtu. Unabonyeza swichi, gari linalala kama ng'ombe. Unabonyeza tena, linasimama na kuvuka tuta. Kwa barabara zetu inaonekana kama jibu kamili, na nusu yake ni kweli. Nusu nyingine ni kompresa, tangi, mirija, vali, nyaya, na bimu iliyotengenezwa kupokea mifuko, vyote vikifanya kazi kwenye vumbi la maramu na matope ya masika. Bei inaweza kupita seti tatu za tairi kabla fundi hajashika spana. Na mfuko ukipasuka kati ya Kakamega na Webuye, gari halishuki kwa heshima: linakalia magurudumu, na huendi popote. Anayetaka hii awe na mtu wa kuitengeneza katika mji anaoishi, si Nairobi, na awe na mfuko wa hewa wa akiba ndani ya gari. Kwa gari la maonyesho linalotoka mara mbili kwa mwezi, sawa.

Bimu iliyofupishwa, ile inayoingiza magurudumu ndani ili tairi zijifiche chini ya bodi, sikuipa nafasi kabisa. Ni urembo, inapunguza uthabiti wa gari refu na jembamba, na usukani hukosa pembe yake ya kukata kona.

Wa kizazi cha kwanza, mkisikia kuhusu kuondoa zile giaboksi ndogo za magurudumu ya nyuma: ndiyo, gari linashuka sana, lakini uwiano wa gia unabadilika na utahitaji giaboksi nyingine kabisa. Magari hayo yamebaki machache. Acheni.

Wa kizazi cha tatu, mambo yenu ni mepesi. Nunueni springi fupi za seti, mbele na nyuma pamoja, zilizotengenezwa kwa gari hilo, milimita 30 hadi 40 zinatosha. Shoki mpya wakati huo huo. Gharama ni chini ya spindo zetu. Msikate springi za zamani kwa grinda. Springi iliyokatwa haikai vizuri kwenye kikombe chake, na gari likiruka kidogo inaweza kutoka mahali pake.

Nafasi ya mwisho: kupunguza mabapa

Hapa nina ushahidi wa mgongo wangu mwenyewe. Miaka kadhaa kabla ya spindo, fundi mmoja aliniambia kushusha kombi ni kazi ya saa tatu na haihitaji kununua kitu. Unavuta mabapa kutoka kwenye mirija ya bimu, unapunguza machache, unarudisha. Vyuma vikipungua, gari linashuka. Hesabu ilinivutia. Nikamlipa, jioni ile gari likawa limekaa vizuri ajabu, nikazunguka nalo mjini taa zikiwaka.

Alichoniuzia si urefu mpya, ni springi dhaifu. Bimu ile ile, mzigo ule ule, vyuma pungufu. Wiki iliyofuata tulikwenda Kisumu kwa arusi. Mpaka Kericho nilijidanganya kwamba linayumba kwa sababu ya upepo. Tuliposhuka kuelekea Awasi, kila tuta mbele iligota kwenye mpira wake wa mwisho, kishindo kama mtu anapiga bati kwa nyundo, kisha pua ikaruka na kuruka tena mara tatu. Mama Wafula alikuwa ameshika sufuria ya keki mapajani.

"Baba Wafula," akasema bila kugeuka, "hii gari ilikuwa na shida gani kabla uitengeneze?"

Sikuwa na jibu, na keki ilifika ikiwa na ufa wa kutoka ukingo hadi ukingo. Tulirudi kwa mwendo wa baiskeli. Nilipofungua, mipira ya kugota ilikuwa imesagika na bolijointi moja ya chini imelegea. Kununua mabapa ya badala, mipira, bolijointi na kazi ya kufungua mara ya pili kulinigharimu karibu kama spindo. Kuna na wale wanaochoma toshenba kwa moto ili ilegee. Chuma kile kilipikwa na kupozwa kwa hesabu kiwandani. Ukikichoma kwa gesi ya weldi umekifuta hesabu, na siku ya kukatika hakitakupigia simu.

Ukishafunga

Alaimenti ni lazima, na si ile ya dakika kumi. Mwambie wa mashine apime mambo matatu: magurudumu ya mbele yakiangaliana, mlalo wa tairi, na ile pembe ya nyuma-mbele inayofanya usukani urudi wenyewe baada ya kona. Hii ya tatu ndiyo inayosahaulika. Ukishusha mbele kuliko nyuma, gari zima limeinama, pembe hiyo inapungua, na kwa kilomita 80 kwa saa usukani unakuwa mwepesi kama wa pikipiki. Muulize muuzaji wa spindo kama ana kitu cha kuirudisha kwenye kombi yako. Kama anacho, kiagize pamoja na spindo, usilipie usafiri mara mbili. Mlalo wa mbele unarekebishwa kwenye bolijointi ya juu, ina kipande cha kuzungusha kwa spana. Nyuma, tairi zitalala ndani kidogo kwa juu baada ya kushusha. Kidogo si kosa. Ukiona upande wa ndani unaliwa ndani ya miezi michache, umeshusha kupita kiasi.

Taa za mbele zitakuwa zinaangalia chini au juu, zirekebishe. Bima waandikie barua pepe ukieleza ulichobadilisha, uhifadhi jibu lao. Na kama kombi yako inabeba watalii kwa malipo, jua itapita ukaguzi wa NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, kila mwaka. Muulize mkaguzi kabla ya kushusha, si siku ya ukaguzi.

Kununua kwenyewe: vipuri vya kombi vingi hapa ni vya mtu kwa mtu, kwa sababu sheria inayozuia kuingiza nchini gari lenye zaidi ya miaka minane imefanya zilizopo ziwe ni zile zile zinazobadilishana vipuri. Ukiambiwa kuna spindo Eldoret "mpya kabisa, za mjomba", usitume M-Pesa yote. Omba picha ya mahali bolijointi inapoingia, picha ya uzi wa nati, na picha ya spindo zote mbili zimewekwa kwenye gazeti la leo. Uzi uliosagika hauonekani kwenye picha iliyopigwa kwa mbali, na watu wa mjomba wanajua hivyo.

Endesha kilomita 100 za kwanza bila mzigo. Kisha rudi chini na spana, bolti zote za pleti za nyuma na nati za spindo, moja baada ya nyingine. Zangu mbili zilikuwa zimelegea robo mzunguko, na fundi alikuwa amezikaza mbele ya macho yangu.